Vidonge Thelathini vya Mama Godelieve

Mwene-Ditu, 2 Mei 1993

Mama Abi,

Usishtuke kuuona mwandiko huu. Ni mimi jirani yako Godelieve Ngalula, muuguzi, yule uliyekuwa ukimgongea ukuta kwa mwiko kila chumvi ilipokuishia. Niko hai. Niko Kasai, mahali wanapopaita kwetu, ingawa mimi nilizaliwa huko Kolwezi, mtaani kwetu Dilala, na hapa sijui hata njia ya kwenda sokoni. Mama yangu Mbombo hakufika. Alifia ndani ya treni, kabla ya kufika Kamina, tukamzika kando ya reli. Naomba usiniulize zaidi juu ya hilo.

Barua anaibeba Tata Twahiru, muuza chumvi. Yeye ni mtu wa Maniema, hakuna upande unaomfukuza, kwa hiyo anapanda na kushuka treni anavyotaka. Nimemwomba akukabidhi mkononi na akungoje ujibu.

Nakuandikia kwa ajili ya bwana yako, Tata Kalumba. Ukingo wa mgodi wa Mashamba ulimwangukia Jumatatu, sisi wenye asili ya Kasai tukafukuzwa Jumatano, basi nilikuwa na siku mbili tu za kumtunza. Mtu aliyekaa saa nne ndani ya udongo mpaka kifuani, akimsikia mwenzake Mulumba akiita chini yake mpaka akanyamaza, mwili wake unapona upesi kuliko kichwa. Nimewaona wengi. Unapita mwezi, inapita miwili, halafu mwanaume mzima anajificha chini ya meza kwa sababu mlango umegongwa.

Ndiyo maana nilikupitishia vile vidonge thelathini vya usingizi juu ya ua, kimoja kila jioni, kuanzia jioni ile ile. Katika hospitali yetu tulifanya hivyo miaka yote: anayetolewa katika ajali analazwa kwa dawa tangu siku ya kwanza, ili hofu isipate mahali pa kukaa. Vijana wenye fimbo walikuwa wameshafika kwenye kona ya shule, sikupata nafasi ya kukueleza vizuri, wala sijui kama ulinisikia. Je, alivimaliza? Analala? Anakula? Niambie ukweli, hata kama ni mbaya.

Godelieve


Kolwezi, 29 Mei 1993

Mama Gode,

Tata Twahiru amekaa barazani anakunywa chai na kusema treni haimngoji mtu, kwa hiyo naandika mbio mbio. Nimemlilia Mama Mbombo. Ndiye aliyenifundisha kupika sombe, yale majani ya mihogo, nilipokuja Dilala bibi harusi nisiyejua hata kuwasha makaa, na hakuwahi kunicheka mbele ya watu.

Kwa habari za bwana yangu, tumshukuru Mungu. Vidonge nilimpa kama ulivyosema, kimoja kila jioni, vyote thelathini. Analala fofofo, anakoroma mpaka nasikitika hukai tena ng'ambo ya ukuta ukagawana nami adhabu hiyo. Naweza kusema ni dawa yako iliyomsimamisha. Amerudi kazini, ingawa kazi yenyewe imebaki jina: mashine nyingi zimelala, na waliojua kuzitengeneza wamekwenda na treni kama wewe.

Nyumba yako haijaingiliwa. Mama Mwadi wa nyumba ya kona anakusalimu. Sina mengi.

Abigaëlle


Mwene-Ditu, 20 Juni 1993

Mama Abi,

Barua yako nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Uliposema anakoroma nilicheka peke yangu katikati ya watu, na mama mmoja wa kambi yetu ya waliofukuzwa akaniuliza kama nimepatwa na wazimu. Nikamwambia hapana, kuna mgonjwa wangu huko Kolwezi amepona.

Sasa nisikilize kama muuguzi. Umesema ni dawa iliyomsimamisha. Basi sipendi kwamba imekwisha ghafla, maana hofu ya ajali ina subira, inaweza kurudi baada ya miezi. Masista wa hapa wamenichukua kazini asubuhi, kwenye chumba cha vidonda, nami nimewaomba vidonge vya aina ile ile. Tata Twahiru anakuletea thelathini vingine ndani ya chupa ya kahawia. Endelea naye vile vile.

Mimi usinihofie. Nalala vizuri, tena vizuri mno.

Godelieve


Kolwezi, 18 Julai 1993

Mama Gode,

Chupa imefika salama. Anameza kila jioni, hana tatizo. Usijisumbue kututumia nyingine, najua dawa huko ni za shida na wagonjwa wako ni wengi. Hapa bukari, ugali wetu, tunakula mara moja kwa siku, lakini tunakula.

Abigaëlle


Mwene-Ditu, 15 Agosti 1993

Mama Abi,

Kwanza lililo la maana, kabla hujasoma mengine: kama vidonge bado vimebaki, usimkatishe Tata Kalumba ghafla. Mtu aliyevizoea akivikosa siku moja anaweza kutetemeka, hata kuanguka kifafa. Anza kumpa nusu kwa majuma mawili, kisha robo, kisha aache. Kama umeelewa, sasa kaa chini usome.

Hapa kuna daktari anaitwa Kabeya, mzee wa maneno machache. Juzi nilikuwa nikimwandalia dereva wa lori lililopinduka sindano ya usingizi, bila kuagizwa na mtu, kama mazoea yetu. Akanishika mkono. Akaniuliza nimejifunzia wapi, nikajibu kwa kiburi kidogo kwamba katika hospitali yetu kila aliyepona ajali hulazwa hivyo. Hakunibishia. Alikwenda kuleta daftari lake.

Kwa miaka kumi na saba ameandika majina ya watu wa ajali: wa malori, wa treni, wa mashimo. Waliopewa dawa ya kulala siku baada ya siku tangu mwanzo, na wasiopewa. Anasema waliolazwa hawakupata nafuu zaidi ya wengine, na wengi wao ndio waliorudi kwake baada ya miezi wakiwa na ndoto mbaya, hasira, na mikono isiyotulia. Aliniambia hana uthibitisho, ana daftari tu, na kwamba labda siku moja wenye vitabu watamsahihisha. Lakini yeye anaamini kichwa kina kazi ya kufanya katika siku zile za kwanza, na sisi tunakizuia kuifanya.

Mama Abi, nimehesabu. Vidonge sitini nimempa bwana yako kwa mkono wangu mwenyewe. Kama ana ndoto, kama anapiga kelele, kama amekupiga, usinifiche kwa heshima. Nimetoka Kolwezi nikidhani kuna jambo moja jema nililoliacha nyuma yangu. Kama hilo nalo nimeliharibu, nataka kulijua kutoka kwako, si kutoka kwa mtu mwingine. Tafadhali jibu upesi.

Godelieve


Kolwezi, 5 Septemba 1993

Dada yangu Godelieve,

Sikuweza kumaliza kusoma barua yako. Nilipofika kwenye vidonge sitini niliketi sakafuni jikoni nikacheka, halafu kicheko kikageuka kilio, Kalumba akaja mbio akidhani kuna msiba. Nisikilize sasa, na ukimaliza unitukane unavyotaka. Hajameza hata kimoja.

Wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimeficha miezi mitano. Jumatano ile uliponipitishia vidonge juu ya ua, niliingia navyo ndani nimevifumbata mkononi. Mama Mwadi alikuwa amesimama kwangu anachungulia dirishani, akaviona. Akaniambia, "Abi, ule mutu banamufukuza leo, na leo njo anakupatia dawa ya bwana yako? Unayua ni nini iko mule?"

Nilipaswa kumjibu: ni Godelieve, ndiye aliyenizalisha mara tatu. Sikumjibu hivyo. Nilitazama nje nikaona wanavyoyatupa magodoro yako njiani, na moyo ukaniambia, mimi ningetendewa haya, ningekuwa na huruma na mtu wa kabila la wanaonifukuza? Niliogopa, Gode. Nilikwenda chooni nikavimwaga vyote, nikavuta maji. Wewe na Mama Mbombo mlikuwa bado mnatembea njiani na mabunda kichwani. Niliwaona migongo.

Na jioni ile ile Kalumba, ambaye ulikuwa umemwahidi dawa, akaniuliza, ziko wapi dawa za Mama Gode? Nikamwambia hukuacha kitu. Siku zile za kwanza zilikuwa mbaya. Alikuwa akisaga meno, akiamka anakwangua ukuta kwa kucha kama anayetafuta pa kutokea. Nami nimelala kando yake nikijua kwamba dawa yake nimeitupa kwa chuki ya jirani. Ulipoandika ukiuliza kama alivimaliza, ningewezaje kukujibu? Niliandika uongo, na uongo ukazaa chupa ya pili. Hiyo ipo juu ya kabati, haijafunguliwa.

Sasa nikueleze alivyopona, maana hilo hulijui. Unazijua desturi za watu wa mashimo: anayetoka hai ndiye anayemsimulia mjane jinsi mwenzake alivyokufa. Na hasimulii kifo peke yake. Anaanzia asubuhi, walikula nini, walichekeana nini, na mjane anauliza mpaka achoke kuuliza. Lakini matanga ya Mulumba yalivunjwa siku ya pili, kwa kuwa naye alikuwa mtu wa Kasai. Mjane wake Ndaya wakampeleka stesheni na watoto, kulala chini ya maturubai pamoja na maelfu.

Siku ya nne Kalumba alisimama, bado anatetemeka, akasema anakwenda stesheni. Nilimzuia. Vijana walikuwa wanamtukana kila anayepeleka hata maji kule, wanamwita msaliti. Akanijibu kwamba mwanamke hawezi kupandishwa treni bila kujua bwana yake alisema nini mwisho. Nilimfuata kwa mbali, na nilisikia alivyoanza. "Mama, nakuya kukuelezea vile tata Mulumba alikufa. Nitaanzia asubui."

Siku ya kwanza hakufika hata kwenye ajali. Walikuwa bado kwenye chai na mkate, akashindwa, akarudi nyumbani amelowa jasho. Kesho yake akaenda tena. Siku ya tatu alifika pale mvua ilipolegeza ukingo. Ndaya alimuuliza tena na tena, Mulumba alisema nini? Kalumba hakutaka kusema kwa sababu aliona ni neno dogo mno. Mwishowe akalisema: alikuwa akimwambia azime mashine, mazutu, yaani mafuta yake, yasiishe bure. Ndaya alipiga kelele ya kicheko. Mulumba huyo huyo, hata chini ya mlima anabana mazutu. Walicheka wote wawili huku wakilia, na watu wa maturubai ya jirani wakasogea kusikiliza, na wao wakaanza kueleza ya kwao.

Alikwenda kila siku mpaka treni ya Ndaya ilipoondoka mwezi wa sita. Sikukuandikia hayo kwa sababu ningelazimika kukuandikia yote. Bado akisikia king'ora cha mgodi anashika ukingo wa meza. Lakini anashika tu, halafu anaachia, anaendelea kula. Usiku analala, na kukoroma sikukudanganya.

Nilidhani nimemnyima dawa kwa ubaya wangu. Wewe unaniambia kwamba labda ilikuwa afadhali. Mungu ana njia zake, lakini ubaya wangu haugeuki wema kwa sababu hiyo. Nilikudhania mtia sumu. Nisamehe kama unaweza.

Abigaëlle


Mwene-Ditu, 1 Oktoba 1993

Mama Abi,

Nilipofika kwenye "hajameza hata kimoja" nilikwenda ofisini kwa Daktari Kabeya bila kubisha hodi, nikamwambia. Mzee yule hacheki, lakini siku hiyo alivua miwani akaifuta muda mrefu. Kisha akafungua daftari akaandika jina la bwana yako upande wa wasiopewa. Akaniuliza habari za stesheni mara mbili, na hiyo nayo akaiandika.

Nimekasirika pia, nisikufiche. Siku mbili sikutaka kukujibu. Nilikuzalisha watoto watatu, na wewe ukadhani ninaweza kumuua baba yao. Halafu nikakumbuka nilivyokuwa siku ile. Nilipokuwa nikikupa vidonge sikukutazama usoni, kwa sababu kama ningekutazama ningekuchukia. Labda uliliona hilo. Basi yamekwisha, nimekusamehe, na afya ya Kalumba imenitua mzigo ambao sikujua jinsi ulivyokuwa mzito. Kwa mara ya kwanza tangu Machi nimekula nikashiba.

Na sasa zamu yangu. Wewe umeficha miezi mitano, mimi nimeficha sita.

Siku ile nilibeba vidonge sitini kutoka hospitali. Thelathini nilikupa wewe, thelathini vilibaki mfukoni. Nianzie asubuhi, kama Kalumba. Asubuhi tulikula mihogo ya kuchemsha, mimi na mama, ndani ya behewa la mizigo, baada ya siku kumi katika darasa la parokia na siku tatu za njia. Mama alilalamika kwamba mihogo haina chumvi. Treni ilikuwa imesimama tangu jana yake, hakuna aliyejua kwa nini. Jua lilikuwa kali, bati linawaka. Kila mtu aliyejua mimi ni muuguzi alinijia, na mimi sikuwa na kitu, si maji, si bendeji. Mtoto mmoja alikufa mikononi mwangu karibu na saa sita mchana. Mama yake alinitazama kama ni mimi niliyekataa kumponya.

Nikarudi kwenye kona yetu. Mama aliniambia kifua kinambana kidogo. Nikamwambia apumzike, itapita. Na mimi, muuguzi wa miaka kumi na minane, nilitoa kidonge mfukoni nikakimeza, kisha cha pili, kwa sababu sikutaka kusikia kilio tena. Nililala mchana ule wote, kichwa changu kwenye paja lake. Nilipoamka jua lilikuwa linazama na paja lilikuwa baridi. Sijui kama aliniita. Sijui kama alinitikisa. Wenye kukaa karibu nasi hawakusema, nami sikuwauliza.

Tangu siku hiyo nimemeza kimoja kila jioni, kwanza vya mfukoni, kisha vya masista, na vile vya chupa yako ya kahawia nilivigawa kutoka humo humo. Nalala vizuri mno, nilikuandikia. Ninalala, ndiyo, na ndani ya usingizi kuna mtu ananitikisa na siwezi kuamka. Daktari Kabeya sasa anajua. Ananipunguzia: nimefika kwenye robo. Lakini hili la paja sikumwambia yeye. Nimekuambia wewe kwanza.

Godelieve


Kolwezi, 7 Novemba 1993

Dada yangu,

Barua yako Kalumba ameisoma, akatoka nje akakaa kwenye ngazi ya mlango wako mpaka chai ikapoa. Aliporudi alisema Mama Mbombo hajakaliwa matanga, na kwamba mtu aliyeishi Dilala miaka arobaini na minne hawezi kulala kando ya reli bila kulia kwa watu wake. Nikamwambia watu watatutupia mawe. Akasema basi watupe.

Tulikaa Ijumaa na Jumamosi, mbele ya nyumba yako. Tulitandika mikeka, tukaweka picha ile mama yako aliyonipa ya ubatizo wa mwanangu wa kwanza. Asubuhi ya kwanza tulikuwa watatu, mimi, Kalumba na Tata Twahiru, ambaye alivua kofia akasema alikula kwa mama huyo mara nyingi na hakuwahi kuulizwa anasali wapi. Mwanaume mmoja alipita akatema mate. Mchana wakaja wanawake wawili wa kwaya, wakapitia nyuma ya nyumba, hawakutaka kuonekana. Jumamosi hawakupitia tena nyuma. Tulikuwa kama arobaini.

Kalumba ndiye aliyesimulia, kwa kuwa wewe hupo. Alianzia kwenye mihogo isiyo na chumvi, na wote waliomjua Mama Mbombo wakaguna kwa kucheka, maana tunaujua ulimi wake. Akaeleza bati, na mtoto, na kifua. Alipofika kwenye vidonge alinitazama mimi. Nilimwambia asiruke kitu. Akasema yote, kwamba uliimeza dawa na ukalala kwenye paja lake, na kwamba hujui kama alikuita.

Niliogopa watakuhukumu. Aliyeanza kusema ni Mama Mwadi. Alikuwa amekuja na sufuria ya bukari tangu asubuhi, anaosha vyombo bila kumtazama mtu, wala sikuwa nimemwalika. Alifuta mikono kwenye kitenge chake akasema hivi:

"Mi ni mama. Mutoto wangu akisinzia pa paja yangu na ile jua, siwezi kumulamusha hata nakufa. Njo bile alifanya. Ule mama hakukufa peke yake, alikufa anabeba mutoto wake."

Nimeyaandika kama alivyoyasema, ili uyasikie kwa kinywa cha Dilala. Hakukuita, Gode. Alikuacha ulale.

Abigaëlle